Gegereka vimelea kwenye matamvua ya samaki wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwatambua

Gegereka ni wanyama wa jamii ya kaa na kamba. Majibu haya ni ya wanafunzi wa sayansi za bahari, maofisa uvuvi, wafugaji wa mwatiko na yeyote anayekagua samaki sokoni au maabara. Mifano imetoka zaidi kwa samaki wa pwani ya Afrika Mashariki: nguru, jodari, changu, chewa, kolekole, mkizi, chuchunge, papa. Kwa wasomaji wa Ziwa Victoria na Tanganyika: nanyi mna gegereka wenu wa matamvua, kama Lamproglena wa perege na sato, lakini funguo za utambuzi ni tofauti, na msizichanganye na hizi.

Nimefunua shavu la samaki nikakuta kitu kimeng'ang'ania. Nitajuaje kama ni gegereka?

Kabla hujafikiria jina, angalia mambo matatu: gamba, miguu yenye viungo, na mayai.

Gegereka ana gamba gumu kiasi. Ukimgusa kwa ncha ya sindano anarudi umbo lake, hanyumbuki kama kamasi. Ana miguu yenye viungo, ingawa kwa majike wengi wa kopepodi (kundi la gegereka wadogo) miguu hiyo imepungua hadi kubaki vijiti vidogo au vipande kama majani. Na kopepodi jike aliyekomaa karibu kila mara ana vifuko viwili vya mayai vinavyoning'inia nyuma. Hakuna mnyoo wa matamvua mwenye vifuko viwili vya namna hiyo. Ukiviona, nusu ya kazi imekwisha.

Vinavyochanganya watu zaidi ni hivi:

Minyoo bapa ya monojenea. Ni laini, haina miguu, hujivuta na kujikunja kama ruba, na nyuma ina kulabu au vishikizo vidogo. Mara nyingi haizidi milimita moja au mbili, na hupatikana katikati ya nyuzi za tamvua.

Vidonge vya manjano kwenye matamvua ya jodari na nguru. Hivyo ni vifuko vya minyoo ya didimozoidi. Ukikitoboa, ndani unakuta minyoo iliyojikunja kama uzi.

Vichujio vya upinde wenyewe. Upande wa ndani wa kila upinde, yaani mfupa uliopinda unaobeba nyuzi za tamvua, una vichujio vigumu vyeupe vinavyozuia chakula kisitoke. Baadhi ya samaki wana vichujio vifupi vyenye miiba, na anayeanza huvidhania kimelea. Ukiona vimepangwa kwa umbali sawa, hicho ni kiungo cha samaki.

Mabaki ya chakula. Samaki wanaokula planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), kama vibua na simsim, hukutwa na kopepodi huru walionaswa kwenye vichujio. Hawa hawajashika chochote, wana mwili wa umbo la tone na vipapasio virefu vya kuogelea. Kimelea wa kweli ameshika. Ukivuta uzi wa tamvua, anakuja nao.

Ni makundi gani hasa yanayoishi kwenye matamvua?

Mawili ndiyo utakayoyakuta mara nyingi: kopepodi na isopodi. Kopepodi ni wadogo, kuanzia chini ya milimita moja hadi sentimita chache, na wana familia nyingi sana. Isopodi wa matamvua ni wakubwa, wanaonekana kwa macho, wana pingili wazi na miguu yenye kucha. Kwa wavuvi wengi wote hao ni chawa au kupe wa samaki tu.

Kundi la tatu ni Argulus na jamaa zake, wenye vikombe viwili vya mviringo tumboni na macho mawili makubwa. Wengi wao ni wa maji yasiyo na chumvi na hukaa ngozini. Hawabebi vifuko vya mayai, hutaga kwenye mawe na mimea. Baharini utawakuta mara chache.

Samaki nimpate vipi ili kimelea asipotee?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata ya kufika mezani. Samaki akifa, mzunguko wa damu unasimama, na vimelea wanaotembea huanza kuondoka. Caligus, kopepodi bapa anayetembea, huhama ndani ya muda mfupi. Gnathia wachanga, ambao ni isopodi, huachia na kuanguka. Isopodi wakubwa hutoka kwenye tundu la matamvua na kutambaa juu ya samaki wengine ndani ya kreti. Ukimwokota Caligus kutoka kwenye kreti yenye nguru, vibua na kolekole pamoja, hujui alitoka kwa nani, na jina la samaki mwenyeji ndilo nusu ya ushahidi wako.

Kwa hiyo, mweke kila samaki kwenye mfuko wake wa plastiki mara tu anaposhushwa kutoka chomboni, ufunge, ndipo uweke barafu nje ya mfuko. Usimwoshe kwanza. Kwenye madiko mengi samaki huoshwa wote kwenye beseni moja, maji yaleyale, na baada ya hapo sampuli haina maana kwa kimelea anayetembea. Pia mwambie mchuuzi mapema asitoe matumbo na matamvua, maana ndiyo yanayotupwa kwanza.

Barafu inatosha kwa saa 6 hadi 12. Kugandisha ni njia ya mwisho. Matamvua yaliyogandishwa yakiyeyuka hubomoka na kutoa ute, na miguu na manyoya ya kimelea hukatika. Ukilazimika, gandisha samaki ndani ya mfuko wake, na siku ya kumkagua myeyushe ndani ya mfuko huohuo. Maji yanayobaki mfukoni yachuje na kuyakagua kama sehemu ya sampuli. Watu huyamwaga, na ndani yake ndimo huwa wamo Caligus na gnathia.

Vifaa gani ni vya lazima?

Mkasi wenye ncha kali, vibano viwili vyembamba, sindano mbili za kushonea zilizochomekwa kwenye vijiti, sahani za Petri, chupa ndogo zenye vifuniko visivyovuja, ethanoli, karatasi ngumu na penseli. Hadubini ya kupasulia inayokuza mara 10 hadi 40 ndiyo chombo kikuu. Hadubini ya kawaida ya mara 100 hadi 1000 utaihitaji ukifika kwenye spishi. Maji ya bahari yachuje kwa kitambaa kizito au karatasi ya kuchujia kahawa. Ukiwa mbali na bahari, yeyusha gramu 35 za chumvi kwa lita moja ya maji.

Usitumie maji ya bomba kumkagulia gegereka wa baharini. Maji yasiyo na chumvi huingia mwilini mwake, anavimba, na ngozi laini iliyo kati ya pingili huraruka. Ukishaona kopepodi aliyefura kama puto, vipimo vyake havifai tena.

Ukaguzi wa matamvua unafanywaje, hatua kwa hatua?

Mpime samaki urefu na uzito, andika spishi, tarehe na mahali alipovuliwa. Kisha inua kifuniko cha shavu bila kukata na utazame ndani kwa tochi. Isopodi akiwepo, andika amekaa wapi na kichwa chake kimeelekea wapi kabla hujamgusa.

Kata kifuniko kuanzia nyuma kuelekea kwenye jicho. Geuza upande wake wa ndani na uukague, maana Caligus na bomoloki (kopepodi wa familia ya Bomolochidae) hupenda kukaa pale na kwenye ngozi laini ya tundu, wala si kwenye nyuzi. Makosa ya kawaida ni kutupa kifuniko na kukimbilia matamvua.

Samaki wa mifupa ana pinde nne kila upande. Zihesabu kuanzia ya nje, iliyo karibu na kifuniko: I, II, III, IV, kushoto na kulia. Kata kila upinde juu na chini ulipoungana na fuvu na koo, uweke kwenye sahani yake yenye maji ya bahari. Sahani nane, lebo nane. Ukiweka pinde zote kwenye sahani moja unapoteza taarifa ya mahali, na mahali husaidia sana: baadhi ya spishi hushika ncha za nyuzi, nyingine katikati, nyingine kwenye mfupa wa upinde.

Chini ya hadubini, tenganisha nyuzi moja baada ya nyingine kwa sindano, kama mtu anayepekua nywele akitafuta chawa. Anza kwa ukuzaji wa mara 10, kisha rudia kwa 25. Kopepodi Hatschekia mwenye urefu wa milimita moja, mweupe kama maziwa, amelala sambamba na uzi mweupe uliopauka. Ukipita haraka humwoni. Mwangaza wa pembeni unasaidia kuliko wa chini, kwa sababu gamba hung'aa na nyama ya tamvua haing'ai. Ukimaliza, tikisa upinde ndani ya chupa ya maji, uache utuame dakika 10, ukague mashapo.

Kwa papa na taa, hesabu hubadilika: wengi wana matundu matano kila upande, na nyuzi zimeshikamana na kuta za kati. Kata ukuta mzima mmoja mmoja. Tazama pia kwenye mifereji iliyo katikati ya vijani vya tamvua, ambako kopepodi Kroyeria mwembamba kama sindano hujipenyeza.

Namtoaje bila kumkata?

Usimvute. Hilo ndilo kosa linaloharibu vielelezo vingi kuliko mengine yote. Sehemu unazohitaji kwa utambuzi, yaani kulabu za vipapasio vya pili, maksilipedi (miguu midogo ya kushikia iliyo karibu na kinywa) na mikono, ndizo zilizochomekwa ndani ya nyama. Ukivuta, mwili unakuja na kichwa kinabaki.

Kata uzi wa tamvua juu na chini ya kimelea, umtoe pamoja na kipande hicho. Kisha chini ya hadubini chana nyama taratibu kwa sindano mbili mpaka kulabu ziachie. Kwa kopepodi wa familia ya Lernaeopodidae, ambao jike ameunganishwa na samaki kwa kitufe kiitwacho bula kilichozama ndani, chimba kitufe chenyewe kitoke na nyama inayokizunguka. Bula ina umbo linalotofautiana kati ya jenasi na jenasi, na ikibaki kwa samaki hairudi.

Kabla ya kumtia ethanoli, mweke kimelea hai kwenye maji ya bahari ndani ya friji kwa nusu saa. Atalegea na kunyooka. Anayetumbukizwa moja kwa moja kwenye ethanoli kali hujikunja, na kopepodi kama Lernanthropus aliyejikunja ni shida kumpima.

Nimhifadhi kwenye nini?

Kwa umbile, ethanoli ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 95, chukua mililita 74, ongeza maji mpaka ifike mililita 100. Kwa DNA, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na ikiwezekana friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Formalini ni nzuri kwa tamvua unalotaka kukata vipande vyembamba ili uone madhara kwenye nyama, lakini huharibu DNA, kwa hiyo usitie humo kielelezo chako cha pekee.

Ujazo wa ethanoli uwe angalau mara kumi ya kielelezo na nyama yake. Ute na maji ya tamvua huizimua, hivyo ibadilishe baada ya saa 24. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu, iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka kwenye barafu. Iwe na samaki, namba ya samaki, upande, upinde, mahali na tarehe.

Vifuko vya mayai vinanieleza nini?

Mengi kuliko watu wanavyodhani, na vinaonekana hata kwa kioo cha mkononi.

Mayai yakiwa yamepangwa mstari mmoja, kila yai limebanwa bapa kama sarafu kwenye bomba jembamba refu, upo kwenye kundi la familia za Caligidae, Lernanthropidae, Hatschekiidae, Pseudocycnidae na jamaa zao. Mayai yakiwa ya mviringo, yamejazana safu nyingi kama kichala cha zabibu au soseji nene, fikiria Ergasilidae, Bomolochidae, Chondracanthidae au Lernaeopodidae. Hao wa mwisho ndio wanaochanganya, kwa sababu kwa uhusiano wako upande wa kundi la kwanza ingawa mayai yao yamejazana. Mikono yao iliyoungana ncha ndiyo itakayokutoa kwenye utata.

Vifuko hukatika kirahisi. Kikikatika, kihifadhi kwenye chupa hiyohiyo. Na asiyekuwa na vifuko si lazima awe dume. Anaweza kuwa jike aliyekwisha kuangua, au mchanga. Angalia pingili ya uzazi: kwa jike huwa pana zaidi.

Familia za kopepodi nitazitofautishaje?

Tuanze na Lernanthropus, kwa sababu ukimwona mara moja hutamsahau. Ana milimita tatu hadi tano hivi, ameshika uzi wa tamvua kwa mbele huku nyuma yake kumefunguka kama ua. Kichwa kina ngao ambayo kingo zake zimekunjwa chini. Mgongoni, nyuma, ana bamba pana linalofunika miguu ya nne, na miguu hiyo imegawanyika vipande virefu vinavyochungulia kama petali. Miguu ya tatu imekuwa mikunjo minene inayokumbatia uzi. Akiwa hai, mtazame kwa makini: ndani ya mwili kuna mishipa iliyojaa umajimaji mwekundu, inayojaa na kupungua. Si damu ya samaki tumboni. Ni mfumo wa mishipa wa kopepodi mwenyewe, jambo la nadra kabisa kwa gegereka wadogo. Rangi hiyo hupotea kwenye ethanoli, kwa hiyo piga picha mapema. Utamkuta kwa chewa, kolekole na wengine wengi. Kule Mediterania, Lernanthropus kroyeri anajulikana sana kwenye vizimba vya samaki anayefugwa huko, Dicentrarchus labrax.

Hatschekia ni kinyume chake: mdogo, wa milimita moja au mbili, mwili kama bomba usio na pingili za kuonekana, ngao ndogo kichwani. Ana jozi mbili tu za miguu iliyokamilika, ya tatu na ya nne zimebaki nywele. Jike hana maksilipedi. Anashika kwa kulabu za vipapasio vya pili peke yake. Samaki wa miambani, kama chewa, kangaja na kikande, huwa naye, mara nyingine kwa makumi, na spishi mbili au tatu zinaweza kuwa kwenye samaki mmoja. Usichukue wawili ukadhani umemaliza.

Caligus ni bapa, amejibana kama kikombe cha kunyonyea, na anatembea. Mbele ya ngao ana vikombe viwili vidogo vyenye umbo la mwezi, vinavyoitwa lunuli. Jamaa yake Lepeophtheirus hana. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kuitafuta, na geuza kielelezo chali ili uione vizuri. Caligus peke yake ana spishi zaidi ya 250, kwa hiyo jina la spishi linahitaji kazi ya hadubini. Wachanga wao, hatua ya kalimasi, wamefungwa kwa uzi mmoja wa mbele na hawafai kutambuliwa kufikia spishi kwa umbile.

Lernaeopodidae: jike hana miguu ya kuogelea, ana mikono miwili iliyokutana kwenye bula, shingo inayopinda, na mwili kama kijifuko. Dume ni kibete aliyemshika jike. Mtafute karibu na pingili ya uzazi au shingoni kabla hujamwosha jike, na usimdhanie ni uchafu.

Ergasilidae wanafanana na kopepodi huru: mwili wa umbo la tone, milimita moja hivi, wengine wana doa la buluu. Vipapasio vya pili vimekuwa makucha marefu yanayozunguka uzi. Wanaoshika samaki ni majike peke yao, madume wanaishi huru majini. Mkizi wa mikokoni na kwenye mabwawa ya maji ya chumvichumvi ndiye wa kumkagua kwanza. Ergasilus lizae hupatikana kwa jamii hiyo sehemu nyingi za dunia.

Kwa nguru, Scomberomorus commerson, tafuta Cybicola armatus, mrefu mwembamba aliyelala kwenye nyuzi. Kwa jodari, jamaa yake ni Pseudocycnus appendiculatus, ambaye nyuma ana vipande viwili virefu visivyo vifuko vya mayai. Wanafunzi huvihesabu kama mayai. Gusa kwa sindano: ni vigumu na vimeendelea na mwili.

Bomolochidae wana mbele pana iliyovimba na jozi ya kwanza ya miguu iliyo bapa kama pezi. Ukimpata mmoja kwenye matamvua, kagua na matundu ya pua ya samaki huyohuyo.

Na isopodi?

Hesabu miguu. Swali hilo moja linakupeleka mbali.

Jozi saba zote zenye kucha zilizopinda: isopodi wa familia ya Cymothoidae aliyekomaa. Jozi sita: mchanga wake aliyetoka karibuni kwenye mfuko wa mama. Jozi tano za kutembelea, na katikati ya mwili pamevimba kama kifuko cha damu: mchanga wa gnathia.

Cymothoidae ana spishi zaidi ya 300, na mahali anapokaa ni dalili kubwa. Nerocila na Anilocra hukaa nje, ngozini na kwenye mapezi. Ceratothoa na Cymothoa hukaa kinywani. Wa ndani ya tundu la matamvua ni Mothocya, Norileca, Elthusa, Agarna na wengine kadhaa. Chuchunge na mtumbuu ni wenyeji wa kawaida wa Mothocya. Norileca indica, aliyeelezwa mwaka 1840, hupatikana kwa Selar crumenophthalmus, samaki mwenye macho makubwa wa jamii ya kolekole.

Jike wa tundu la matamvua mwili wake umepinda upande mmoja. Si kasoro wala hakuharibika kwenye chupa. Amekua akifuata nafasi aliyonayo, na kupinda kwake kunategemea upande wa samaki aliokaa. Ndiyo maana tunasisitiza uandike kushoto au kulia.

Tafuta pia mwenzake. Cymothoidae huanza maisha wakiwa madume, kisha hugeuka majike. Mara nyingi ukipata jike mkubwa, dume mdogo yuko karibu, upande uleule au wa pili. Jike utamjua kwa vibamba vya tumboni vinavyotengeneza mfuko wa kulelea. Usiufungue ovyo: wachanga walio ndani ni kielelezo cha thamani, wahifadhi pamoja na mama yao.

Gnathia yeye ni kimelea akiwa mchanga tu. Akishiba damu anaachia, anakwenda chini kujibadilisha, na akikomaa hali tena. Kwa hiyo kwenye samaki utapata wachanga, na utambuzi wa spishi kwa kawaida hutegemea dume aliyekomaa. Wanaofanya kazi hii huwaweka wachanga walioshiba kwenye maji safi ya bahari hadi wajibadilishe. Ukishindwa, andika "Gnathiidae, mchanga" na uishie hapo.

Isopodi niliyemkuta kinywani ndiye yule anayekula ulimi?

Karibu kwa hakika siye, ikiwa samaki ni wa kwetu. Cymothoa exigua, anayedhoofisha ulimi wa samaki na kukaa mahali pake, ni wa Pasifiki ya Mashariki, pwani za Amerika. Bahari ya Hindi ina Cymothoa wake na Ceratothoa wake. Picha za intaneti zimefanya kila isopodi wa kinywani aitwe jina hilo moja, na makosa hayo yameingia hata kwenye ripoti.

Kufikia spishi, chini ya hadubini nifanye nini?

Toa kielelezo kwenye ethanoli, kiweke kwenye tone la asidi ya laktiki ya asilimia 85. Nyama huwa angavu na gamba hubaki. Kwa Hatschekia saa moja au mbili zinatosha, kwa Lernanthropus acha usiku kucha. Kikizidi sana kinalainika na miguu inakatika vibaya, basi kitazame kila saa.

Mchunguze kwanza akiwa mzima, kwenye slaidi ya mbao yenye tundu na kioo chembamba chini yake, njia iliyoandikwa na Humes na Gooding mwaka 1964. Kimelea anakaa kwenye tone linaloning'inia, na kwa kusogeza kioo cha juu unaweza kumgeuza mgongo na tumbo bila kumponda. Baada ya hapo ndipo utenganishe miguu mmoja mmoja kwa sindano, kuanzia nyuma kwenda mbele.

Kwa kila mguu hesabu miiba na nywele kwenye kila kipande. Katika maelezo ya spishi, miiba huandikwa kwa namba za Kirumi na nywele kwa namba za kawaida. Chora unachokiona kabla ya kusoma ufunguo wa utambuzi. Ukisoma kwanza, jicho litaona kile kilichoandikwa.

Picha ya simu inatosha kupata jina?

Kwa isopodi mkubwa inaweza kukufikisha kwenye jenasi, ukipiga mgongo, tumbo na ubavu, pamoja na rula ya milimita. Kwa kopepodi itakufikisha kwenye familia. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Niandike spishi au niishie kwenye jenasi?

Andika pale ushahidi wako ulipoishia. "Hatschekia sp., majike 14, Epinephelus, upinde II kushoto" (sp. ni spishi isiyotajwa, Epinephelus ni jenasi ya chewa) ni rekodi nzuri itakayotumika hata baada ya miaka ishirini, kwa sababu mwingine anaweza kuchukua chupa yako na kuendeleza. Jina la spishi lililonakiliwa kwa kuwa liliwahi kuripotiwa kwa samaki huyo India au Australia ni baya kuliko kutokuwa na jina, maana litanukuliwa na wengine kama ushahidi wa pwani yetu. Matamvua ya samaki wetu bado hayajachunguzwa vya kutosha, na kielelezo kisicholingana na ufunguo huenda kweli hakilingani.

Jina ulilolipata likague kwenye orodha ya dunia ya spishi za bahari, WoRMS, maana majina hubadilika. Cybicola armatus, kwa mfano, maandiko mengi ya zamani yanamwita Pseudocycnoides armatus. Kisha vielelezo vipelekwe makumbusho yenye mkusanyiko, navyo vipewe namba.

DNA haiwezi kumaliza ubishi?

Inasaidia ikienda pamoja na umbile. Jeni iitwayo COI ndiyo inayotumika zaidi, ikifuatiwa na jeni za 18S na 28S kwa kopepodi na 16S kwa isopodi. Vianzishi vya kawaida vya COI, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili jeni, hugoma mara nyingi kwa kopepodi vimelea, basi usitumie vielelezo vyote kwa jaribio la kwanza. Chukua kifuko cha mayai au mguu mmoja, mwili uliobaki utunze. Ukisaga mwili wote, mfuatano wa DNA ukikosa wa kulinganishwa nao hubaki herufi zisizo na mnyama. Kimelea anayekula damu naye hubeba DNA ya samaki tumboni, kwa hiyo mfuatano unaofanana na kolekole usikushangaze.

Nikague samaki wangapi, na nihesabu vipi?

Ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kumkuta kimelea aliyeko kwa samaki mmoja kati ya kumi, kagua samaki 29. Kama yuko kwa mmoja kati ya ishirini, 59. Kukagua watano na kuandika "hakuna vimelea" si matokeo.

Toa takwimu tatu, kila moja kwa jina lake. Tuseme umekagua changu 40, 12 wana Lernanthropus, na jumla umepata 54. Kiwango cha maambukizi ni 12 kwa 40, yaani asilimia 30. Wastani kwa samaki aliyeambukizwa ni 54 kwa 12, yaani 4.5. Wastani kwa samaki wote ni 54 kwa 40, yaani 1.35. Ripoti nyingi huandika "wastani" bila kusema wa nani, na hapo namba haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Samaki mwenye vimelea hivi analika?

Ndiyo. Gegereka wa matamvua hawaishi ndani ya mwili wa binadamu, na matamvua yenyewe hutolewa. Isopodi mkubwa aliye hai anaweza kuchoma kidole kwa kucha zake, basi. Wanaoleta ugonjwa kwa kula samaki mbichi ni wengine, minyoo kama Anisakis, wanaokaa matumboni na kwenye nyama.

Kwa mfugaji jambo ni tofauti. Kwenye kizimba au bwawa samaki wamebanana, wachanga wa Caligus na Ergasilus hupata mwenyeji kwa haraka. Samaki wakianza kujisugua kwenye nyavu, kupumua juu juu kwenye uso wa maji au matamvua yakipauka, chukua watano wanaoonekana dhaifu na watano wazima, wakague siku hiyohiyo wakiwa wabichi. Tamvua lililopauka lenye ncha za nyuzi zilizoliwa na kimelea mwenye makucha ni habari moja. Tamvua lililopauka lisilo na mnyama yeyote ni habari nyingine, na dawa ya kopepodi haitaisaidia.